Kikomo cha Miaka Arobaini

2 Machi

Kitinda mimba wangu,

Salamu tele. Huku tu wazima; mama yako hajambo, yenye jambo ni magoti yake. Nawe je, unakula?

Kwa heshima na taadhima natangaza, mbele ya mama yako na kuku watatu, kwamba tangu Jumamosi nywele zangu ni nyeusi. Shughuli ilifanyika uani, kwa dawa ya kopo na mswaki mkuukuu. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Sababu ni hoteli mpya ya kilimani. Wanatafuta mtunza bustani, nami bustani ya shule nimeitunza mpaka nikastaafishwa. Lakini tangazo la getini linasema asiyezidi miaka arobaini. Nikaenda na weusi wangu. Mlinzi akanizunguka mara moja, akasema, "Mzee, kichwa kijana, shingo babu yake." Nikarudi nyumbani.

Wewe uko makao makuu ya kampuni yenye hoteli hiyo. Hebu niulizie aliyeandika hiyo arobaini. Mtu huyo kazaliwa na nani?

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Nafurahi kusikia mu wazima. Mimi nakula, ila usingizi umenihama tangu nisome barua yako.

Baba, kazaliwa na wewe.

Arobaini niliiandika mimi. Mezani nilikuwa na takwimu za nchi nzima: watu wengi ni vijana, na vijana wengi hawana kazi. Nikasema hoteli iwachukue hao, na wageni watapenda sura changa. Sikukumbuka kwamba vijana wa kwetu ndio sisi tuliopanda basi tukaondoka. Waliobaki ni ninyi. Sikukufikiria hata kidogo, na hapo ndipo panaponichoma.

Nigombeze, Baba, lakini unijibu.

Mwanao

20 Aprili

Shikamoo Baba, hamjambo huko?

Kimya chako nakijua. Mara ya mwisho ulininyamazia nilipovunja mpini wa jembe nikasingizia mbuzi.

Nimemwendea mkuu wangu. Nimemwambia vijana tunaowapeleka huko kutoka mjini hawamalizi mwezi, wanalia upweke. Na wageni wenyewe ni wastaafu, wamevuka bahari na fimbo zao. Basi kwa nini tuwakatae wazee wa palepale? Akaniambia nachanganya kazi na ukoo. Nikamwambia ndiyo, nachanganya.

Kikomo kimefutwa. Mimi nimehamishiwa stoo ya mashuka. Usisikitike, mashuka hayana maneno. Wewe nenda getini, Baba. Nenda na mvi zako.

Mwanao

17 Mei

Kitinda mimba wangu,

Huku tu wazima, isipokuwa hayo nitakayoeleza.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilikosa uso wa kukuandikia. Siku ile ya basi ulikuwa unalia, unasema utabaki, nami ndiye niliyekusukuma ndani nikaubamiza mlango. Kaka zako vilevile. Kijiji hiki nimekimaliza vijana kwa mikono yangu, leo nikugombeze wewe kwa kuwatafuta?

Basi nilikwenda. Mlinzi akasema, "Ee, leo kichwa na shingo vimepatana!" Nikapewa koti la kijani. Wageni kweli ni rika langu. Bibi mmoja alinionyesha goti lake, nikamwonyesha langu, tukaelewana bila mkalimani. Kesho yake akaja na mumewe, naye ana goti.

Mama yako amenikataza kukuandikia yaliyobaki, kwa sababu ya hayo mashuka. Nimeiweka barua hii chini ya mto wiki nzima. Lakini wewe ulisema kweli yako, nami sina budi kusema yangu.

Bustani yao imepanda kilima kwa ngazi, na bomba la maji liko chini.

Nilifanya kazi siku mbili. Mgongo umekataa.

Baba yako