Kikombe Chetu Kilitiwa Bia

Jumatano. Mvua imeipiga Bunia tangu alfajiri, barabara yetu ya Mudzipela ni tope tupu, na hakuna mteja aliyejisumbua kuniletea hata suruali ya kupunguza. Cherehani nimeifunika. Nimebaki na simu, chaji kidogo, na hasira.

Nina hasira sana. Niiandike kwanza, labda nitapumua.

Mezani kwangu kuna kikombe cheupe cha bati chenye mstari wa buluu mdomoni. Si changu. Ni cha kundi letu sisi tulioacha pombe, tunaokutana kila Jumamosi alasiri katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Ukifika, kabla hujasema lolote, unakunywa maji kwenye kikombe hicho, unampa wa pembeni yako, halafu unaeleza umeamkaje. Kikombe kimoja kwa wote. Papa Anselme aliyeanzisha kundi alituambia kwamba pombe ndiyo iliyotuzoesha kunywea chombo kimoja na watu tusiowajua, kwa hiyo na maji tuyanywe hivyo hivyo. Wapya huwa wanacheka. Mimi siku yangu ya kwanza sikucheka, maana mikono ilitetemeka hadi nikajimwagia maji kifuani, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Jumapili kikombe hicho kilitiwa bia.

Aliyeitia ni mimi.

Ilikuwa sikukuu ya kundi. Nilikuwa nimewashonea akina mama wote kitenge kimoja, na asubuhi nilifika mapema na sufuria yangu ya sombe. Nyuma ya pazia nikakuta kasie, yale makreti ya bia, zimepangwa, zimefunikwa shuka lililoloweshwa maji ili chupa zipoe. Nilicheka. Nilidhani vijana wa depo ya vinywaji wamekosea nyumba. Nikamwita Mama Dorika, katibu wetu, nimwonyeshe kichekesho.

Hakucheka. "Hapana, Mama Ester, iko yetu. Iko ya bageni tu. Shefu anakuja na batu yake, na weye unajua vile inakuwaga. Mutu mukubwa huwezi kumupokea na Fanta kama mutoto."

Najua vile inakuwaga, ndiyo. Hapa kwetu ukimkalisha mtu mzito mbele ya soda, atarudi kwake akisema mmemdharau. Nyumbani kwa baba yangu Butembo ilikuwa hivyo hivyo, kwenye ubatizo, kwenye mahari, hata kwenye matanga. Lakini sisi? Watu waliokusanyika kwa sababu moja tu, ndio tuweke kasie nyuma ya pazia ili shefu wa mtaa asinune?

Kumbe walikuwa wamekaa kikao. Wameongea, wamekubaliana, mpaka baba anayefagia chumba alijua. Mimi sikuitwa. Na katika kikao hicho hicho walimchagua mtu wa kufungua chupa na kugawa.

Papa Anselme alikuja na suti yake ya kijivu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama Ester, weye njo wa zamani. Tukimupatia mupya, ataanguka. Weye ulisha kupona."

Ulisha kupona!

Neno hilo yeye mwenyewe alitukataza. Mtu akisema chumbani kwamba amepona, Papa Anselme alikuwa anamkata palepale: sema umeamka vizuri leo, inatosha. Na huyu si mtu wa mbali. Nilipokuwa sitaki kumwona mtu yeyote, yeye ndiye aliyekuja kukaa kwenye bidon iliyopinduliwa nje ya mlango wangu, siku baada ya siku, mpaka nikafungua kwa aibu. Ninamwita yaya, kaka yangu mkubwa. Mambo yangu yote anayajua. Anajua kwamba kilichoniangusha ni kaikpo, ile kali inayopikwa vichochoroni, na anajua kwamba kila mara nilianza na bia moja ya heshima.

Mbona nilikubali? Wageni walikuwa wameanza kuingia, nikaona haya kukataa. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine sitaki kuiandika lakini naiandika: aliposema nimepona, nilijisikia vizuri. Nilisimama wima kama mtu aliyepewa cheo.

Basi nikafungua. Povu likanimwagikia vidoleni, mate yakanijaa mdomoni. Nilimeza mate mchana kutwa. Watu wanapiga makofi, wanaimba, mimi namimina huku nimezuia pumzi, nikifika nyuma ya pazia nasugua mikono kwenye kitenge changu kipya. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, Mama Ester, unaendeleaje?

Halafu glasi zikaisha. Mama Dorika akanyoosha mkono juu ya kabati, akanipa kikombe. Kikombe chetu. "Mupatie mu hii, mugeni anangoja."

Nikamimina. Mkono uliokwisha kuzoea hauulizi.

Njia ya kwenda kwa wageni inapita mbele ya benchi la wapya, na hapo alikuwa ameketi Mama Pélagie. Pélagie anauza maharage sokoni, karibu na kibanda changu cha kushona. Ni mimi niliyemleta kundini. Ilinichukua muda mrefu kumshawishi, maana mwanamke anayekunywa hapa anachekwa na wanaume walevi kabla ya wengine wote. Nilimwambia kuna mahali pamoja katika Bunia ambapo hakuna mtu atakayekusogezea glasi.

Alitazama kikombe. Kisha akanitazama mimi. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi kwa ndugu akafunguliwa na wapangaji asiowajua. Akachukua mfuko wake, akatoka kabla chakula hakijaletwa.

Tangu siku hiyo maharage yake yamefunikwa turubai. Mwuzaji wa jirani yake aliniambia, macho chini: "Pélagie iko ku nyumba. Anasema iko na malaria."

Malaria hiyo naijua. Mimi nimeugua malaria hiyo miaka mingi.

Jana Papa Anselme alipita kibandani kunishukuru. Shefu amefurahi, anasema, ameahidi mabati ya chumba. Nikamuuliza: "Yaya, mulinifanya nini?"

"Lakini haukukunywa," akasema.

"Sikukunywa."

"Basi, unaona?" Akatabasamu, kama mwalimu anayekurudishia mtihani ulioufaulu.

Nikamwambia kuhusu Pélagie, kwamba amekimbia, kwamba haonekani sokoni. Alinisikiliza kwa adabu yake yote. Kisha akauliza: "Pélagie njo nani?"

Mtu aliyekaa Jumamosi kadhaa kwenye duara lake. Aliyekunywa maji kwenye kikombe baada yake.

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Bia ningeweza kuwasamehe, nadhani. Najua jinsi watu wetu wanavyoogopa kuonekana maskini mbele ya wakubwa. Lakini nilimwona Papa Anselme akitafuta sura kichwani asiipate, nikajiuliza kama siku zile nje ya mlango wangu alikuwa akinijali mimi, au alikuwa akihesabu mtu mwingine wa kuonyesha.

Niondoke?

Nikiondoka, Jumamosi alasiri nitakuwa wapi? Naogopa. Wale watu ndio walionifanya niwe mtu tena, hata huyo Dorika na kelele zake. Sijawahi kukaa bila kunywa nje ya duara lile, sijui kama ninaweza. Nikibaki, nitashika kikombe hiki na kusema nimeamka vizuri, nao wataitikia, na wote tutajua ni maigizo.

Kikombe nilikiweka mfukoni Jumapili wakati wa kuosha vyombo. Nimekisugua kwa majivu, kwa limau, kwa sabuni. Bado kinanuka. Au ni pua yangu.

Mvua imekatika. Natoka.

*

Jioni, naongezea. Nimerudi kutoka Ngezi, mtaani kwa Pélagie, viatu vimebaki mlangoni na tope lake.

Nilibisha sana. Pélagie alifungua kidogo, akasimama kwenye ufa. Harufu ilitangulia kutoka. Macho mekundu, kitambaa kimemteleza kichwani.

"Umekuja kunirudisha kule?"

"Hapana, Mama Pélagie. Kule hata mimi sirudi."

Nilisikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu ndipo nikajua nimekwisha kuamua.

Akanipisha. Nilichota maji kwenye bidon yake, nikanywa, nikampa. Alikitambua kikombe, akataka kukisukuma. Nikamwambia mimi ndiye niliyekitia bia, mimi ndiye niliyekisugua, kama ananichukia anywe kwanza halafu anichukie. Alikishika kwa mikono miwili. Mikono ilitetemeka, maji yakammwagikia kifuani.

Sikumtazama vibaya.

"Umeamukaje?" nikamuuliza.

"Mubaya."

"Na miye vilevile."

Tukakaa. Nilipotaka kuondoka aliuliza Jumamosi iko mbali kiasi gani, nikamwambia si lazima tungoje Jumamosi, kesho asubuhi nitapita kabla ya soko.

Bado ninaogopa. Nimelia njiani, nimemlilia Papa Anselme kama mtu aliyefiwa, na machozi hayajaisha. Lakini leo sijanywa.

Kikombe nimekiacha kwa Pélagie. Jumamosi Papa Anselme atakitafuta juu ya kabati, hatakiona. Akikihitaji kweli, itabidi aulize mtu Pélagie anakaa wapi.