Breki na Mtani Wangu Maganga

Jumatatu, 14 Julai

Kelele tena. Kutoka Mbwawa hadi ofisini gari limelia kila nilipokanyaga breki, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Mlinzi amefungua geti kabla sijapiga honi. Aibu.

Mchana nikapitia gereji kwa Maganga. Ameliinua gari, amefungua matairi, amechungulia muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha bei. Laki saba na nusu! Disk za mbele, pedi, silinda ya breki ya nyuma, mafuta yake, na ufundi. Nikacheka. Naye akacheka. Akasema nikishindwa, gari linabaki kwake na mimi natembea kwa miguu hadi kwetu Maneromango, nionje walichoonja babu zake walipokuwa wakibeba mizigo ya watu kutoka Tabora. Nikamwambia nitampa laki moja na mihogo. Akasema, "Haya, Mzaramo, endesha. Nitakuja kucheza kwenye matanga yako."

Mnyamwezi huyu, mtani wa sisi Wazaramo. Miaka yote ananitengenezea gari na sijawahi kupata salamu ya kawaida kutoka kinywani mwake. Nimecheka hadi nyumbani.

Jumanne, 15 Julai

Leo sicheki. Nimeamka na ile bei kichwani.

Pesa niliyonayo ni ya jicho la Mama. Jumatatu ijayo anafanyiwa upasuaji hapa Kibaha, na Jumamosi naenda Maneromango kumchukua. Nikiigusa ile pesa, anarudishwa mwisho wa foleni akiwa bado na mtoto wa jicho wake.

Swali langu ni moja. Alikuwa anatania au la? Taa ikiungua huniambia nilete ng'ombe watatu, tunatukanana, halafu anataja bei ya kweli. Jana hakutaja. Au niliondoka kabla hajataja. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka kucheka tu.

Jumatano, 16 Julai

Nimemweleza Mama Neema, tunayekaa naye meza moja ofisini. Hata sijamaliza, amesema nimepigwa. Mafundi wote wana cha juu chao kwenye maduka ya spea, ndiyo maana wanakuorodheshea gari zima. Amesema kwa uhakika, kama kawaida yake. Yeye hana gari.

Nikaenda duka la spea mwenyewe. Muuzaji akauliza nataka orijino, ya kawaida au iliyotumika. Kitu kimoja, bei tatu. Nimetoka sijui hata nilichokuwa nakijua nilipoingia.

Nilitaka kumpigia Maganga nimuulize kwa adabu. Nikashika simu, nikaiweka. Naanzaje? Mtani ukishamuuliza kama anasema kweli, umeshamwambia yeye si mtani tena. Na angenicheka mwezi mzima.

Alhamisi, 17 Julai

Fundi mwingine, kule kituo cha Picha ya Ndege. Nguo safi, ananiita madam. Amebadilisha pedi, ameongeza mafuta ya breki, nimelipa elfu tisini na chenji nimerudishiwa mkononi. Nikamuuliza kuhusu disk na silinda. Amesema hizo bado sana, madam, zitasukuma mwaka.

Gari kimya. Breki zinashika.

Kumbe Maganga alitaka kunila. Mtani wangu. Nimekasirika hadi chakula hakikupita.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepita mbele ya gereji yake. Amenyoosha mkono, nikaangalia mbele. Akapaza sauti, anasema kitu, nikafunga kioo.

Jioni pedali inaingia ndani kidogo. Au ni mawazo yangu. Nimempigia yule wa Picha ya Ndege, anasema pedi mpya lazima zikae kwanza. Sielewi zinakaaje. Mmoja anasema hivi, mwingine vile, na mimi sijui silinda inafananaje. Nimeamua kumwamini niliyekwisha kumlipa.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike yote kabla sijalala.

Maneromango nilifika salama. Mama alikuwa kibarazani, amevaa, mkoba mapajani. Jicho la kulia halioni kitu, la kushoto ni ukungu. Nikamkalisha mbele, nikamfunga mkanda. Njia nzima ananiambia habari za jirani aliyeuza shamba.

Mteremko mrefu kabla ya Kisarawe mjini. Nimekanyaga breki, pedali imezama hadi chini. Hakuna kitu. Nikakanyaga tena. Hakuna. Chini huko lori la mkaa limesimama. Nikarudisha gia, nikavuta handibreki, nikakata kushoto. Tumeingia shambani kwa mtu, mihogo inavunjika chini ya gari, tukasimama kwenye tuta.

Mama akauliza, "Tumefika?"

Nikamwambia bado kidogo. Nikashuka, nikazunguka nyuma ya gari, nikatoa simu.

Yule wa madam sikumpigia. Nilimpigia Maganga. Hata sikufikiria.

Amekuja kutoka Kibaha kwa bodaboda, mkoba wa spana mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote. Hakuna hata moja. Amemwamkia Mama shikamoo, amempa pole ya safari. Mama akaitikia marahaba huku anageuza sikio, anashangaa sauti ni ya nani. Kisha Maganga akafungua tairi la nyuma. Ndani kumelowa. Mafuta yote ya breki yamevuja kupitia silinda. Akaniita pembeni.

"Nilikwambia silinda."

"Uliniambia kwa utani."

"Mimi na wewe tumewahi kuongea kwa namna nyingine?"

Nikauliza, na ile laki saba na nusu? Akaangalia chini. Bei ya kweli ilikuwa laki nne na ushee. Ile nyingine ilikuwa ya kunichokoza tu. Alikuwa anasubiri nimtukane vizuri ndipo ashushe na anieleze, mimi nikawasha gari nikaondoka. Alidhani nitarudi. Jana aliniita anieleze, nikafunga kioo.

Akasema tena, polepole, kwamba ile habari ya matanga inamkera tangu siku ile. Akageuka akaanza kukusanya spana.

Mwenye shamba tumemwomba radhi na kumlipa mihogo yake. Mimi na Mama tumekuja Kibaha kwa gari la kukodi. Maganga amebaki kule na gari langu, anatafuta wa kulivuta.

Jumatatu, 21 Julai

Jicho la Mama limefanyiwa upasuaji. Daktari ameridhika. Amefungwa bandeji na anaulizia uji.

Nimekaa kwenye benchi la hospitali nikitafuta wa kumlaumu. Maganga, kwa nini mtu mzima uone hatari halafu uifunge ndani ya kicheko? Lakini ni mimi niliyecheka kwanza. Yule wa Picha ya Ndege alifanya kazi nyepesi, akaiacha nzito. Lakini ni mimi niliyemfuata, kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Nazunguka hapohapo. Nikimkasirikia mmoja, mwingine anapata nafuu, kisha hasira inarudi kwangu.

Mama hajui kitu. Anawaambia wagonjwa wenzake kwamba mwanawe anaendesha taratibu sana.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekopa kwenye kikoba chetu cha akina mama, nimechukua gari.

Maganga amenionyesha kila kitu kilichotoka. Silinda, mpira wake umekatika. Disk moja imechimbika, hata mimi nimeona. Amenieleza kama mwalimu. Nimeelewa yote kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Karibu tena, dada."

Dada!

Nikamjaribu. Nikamwambia Wanyamwezi kwa uchafu hamjambo, hata usukani mmeupaka grisi. Akatabasamu kidogo, akachukua kitambaa, akaufuta. Akaomba radhi.

Nimeendesha hadi nyumbani bila kucheka.

Jumapili, 27 Julai

Nimemrudisha Mama. Njia nzima anasoma. Mabango, namba za magari, jina la duka. Kwenye ule mteremko nilikanyaga mapema mno na gari likatii. Nikakanyaga tena, bila sababu. Mama akaniuliza kwa nini tunakwenda kama harusi. Nikamwambia barabara mbaya.

Jioni Maganga amepiga simu. Ameuliza kama tumefika, na kama breki zinashika. Nikasema zinashika. Akasema tumshukuru Mungu. Nikamngoja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu chochote atakachosema. Akasema, "Usiku mwema, dada," akakata.

Sijui ananiheshimu au ananiogopa. Pengine naye hajui. Nimekaa jikoni na simu mapajani hadi chai ikapoa.

Gari ni zima. Natamani angenitukana kidogo.