Kikombe Kinachonisubiri kwa Kaku

Yaya Mbombo, dada yangu mkubwa,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Tonton ninayeishi kwake, si mkewe Tantine, wala padri kanisani: ninaogopa kurudi nyumbani. Siogopi ndege. Siogopi askari wa uwanjani wala barabara ya kutoka Lubumbashi. Ninaogopa kikombe cha bibi yetu, Kaku, kile cha alumini kilichobonyea mdomoni. Nitakapofika atanipa maji humo mbele ya watu wote, na kwa siku nyingi sikujua nitafanya nini.

Unisamehe kwamba salamu zimebaki nyuma ya maneno haya. Hujambo, Yaya? Umerudisha nguvu tangu ile homa? Kifua cha Baba kimetulia, au vumbi la malori ya mgodi wa Kamatanda bado linamkohoza? Huku ng'ambo, Liège, tuko wazima. Nimemaliza shule. Diploma yangu iko juu ya kabati la Tantine, na ameshamwonyesha hata fundi aliyekuja kutengeneza mashine ya kufua. Mimi nilijificha jikoni.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu simu ya kwetu haina siri. Mnaiweka kwenye sauti kubwa katikati ya lupango, ndani ya ua wetu, na jirani anajibu kabla yako. Mama mmoja wa kanisa letu anasafiri wiki ijayo, ndiye atakayekuletea barua hii mkononi.

Nilikwenda peke yangu kwenye kituo cha afya cha wasafiri. Muuguzi alikuwa mwanamke mpole. Alifungua ramani, akaweka kidole juu ya nchi yetu, na kidole kile kikafunika Katanga nzima, sisi wote chini ya ukucha mmoja.

"Unaenda nchi ya joto," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba mwezi wa saba Likasi tunaota moto wa makala asubuhi na blanketi mabegani, lakini unanijua, nikabaki nikiutazama ukucha wake.

"Ulishawahi kufika huko?"

"Nimezaliwa huko."

Akavua miwani akaniangalia. "Basi wewe ndiye unayenitia hofu. Mtalii anaogopa kila kitu. Wewe unaenda kwenu, hutaogopa kitu."

Akanieleza kwamba mwili unasahau. Malaria tuliyoizoea utotoni, ile tuliyokuwa tukiugua asubuhi na jioni tunaruka kamba, mwili wangu hauijui tena, maana nimekaa huku miaka mingi. Ikinipata sasa itanipata kama mgeni. Akanichoma sindano ya homa ya manjano, akagonga muhuri kwenye kijitabu cha njano, akanichoma nyingine ya homa ya matumbo. Vidonge vya malaria nianze kabla ya kuondoka, nivinywe huko kila siku, na nikirudi nisiache mpaka viishe. Nilale ndani ya chandarua hata kama simsikii mbu. Jua likizama nivae mikono mirefu.

Kuhusu maji akarudia mara mbili: sindano ile haizuii kila kitu. Akauliza, "Nani atakupikia?"

"Bibi yangu."

"Vizuri. Basi mwambie tu achemshe maji."

Mwambie tu! Yaya, nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ningeanzia wapi kumweleza?

Jioni Tantine aliona vidonge mezani, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Eh, Ngalula! Weye unaenda kwenu ao unaenda kuangalia tembo? Malaria ulikunywa na maziwa ya mama yako! Itakuona itasema, ah, uyu ni mutoto wetu, tumuache apite."

Nikacheka kidogo, kwa heshima. Tonton hakucheka. Aliweka uma chini.

"Acha akunywe," akasema.

"Papa Dona, mi nachekesha tu," Tantine akamjibu mumewe.

"Weye chekesha. Yeye akunywe."

Unajua kwa nini. Alipokuja kwenu mara ya kwanza alisema hivyo hivyo, mimi ni mtoto wa Likasi, hakunywa hata kidonge kimoja. Aliporudi huku homa ikampata, daktari akadhani ni mafua ya baridi, akampa dawa ya mafua. Mimi ndiye niliyemkuta ameanguka mlangoni pa choo, macho ya njano, akiniita kwa jina la Kaku. Alilala hospitali muda mrefu, na Tantine ambaye leo anacheka alikuwa akilia kwenye korido na kiatu kimoja mguuni.

Ndiyo maana mara ya pili alikuja na woga. Hiyo mara ya pili mimi sikuiona, wewe ndiye uliyenisimulia, na tangu hapo haijanitoka.

Tunajua sote desturi ya Kaku. Baba yake alitoka Kasai kwa treni kuja kufanya kazi ya mgodi, akashuka stesheni na kiu, na hakuna mtu aliyempa maji. Kwa hiyo kwa Kaku mtu akitoka mbali hakai, haweki mzigo chini, kwanza anakunywa. Kaku anachota mtungini, anaonja yeye mbele ya macho yako, kisha anakupa. Maji ya njia. Na Tonton, mwana wake wa tumbo, alifungua begi, akatoa chupa ya dukani, akasema, "Asante mama, niko na yangu."

Ulinieleza kwamba Kaku alibaki ameshika kikombe. Na Mama Zozo wa lupango la pili akasema juu ya ukuta, kwa sauti ya kusikika:

"Mwana mwenyewe anakatala maji ya mama yake. Sasa siye bajirani tufanye nini?"

Hakusema neno lile. Hakuhitaji. Kwetu, mzee akikupa maji ukakataa, umeshamwita mulozi, yaani mchawi. Baada ya hapo watoto hawakununua tena vitumbula vyake, na kanisani benchi lake likawa na nafasi kulia na kushoto. Tonton anajua. Hajawahi kulitaja, lakini kila mwisho wa mwezi hakosi kununua vocha ya kumpigia Kaku simu.

Sasa ni zamu yangu, na nimeshaharibu. Jumapili iliyopita Kaku alifurahi sana kwenye simu. "Ngalula wangu! Mutungi nimesha kuosha! Unakuya, utakunywa!" Nami, kwa sababu muuguzi alisema mwambie tu, nikakusanya ushujaa wangu wote nikauliza:

"Kaku, maji munachemshaka?"

Nilisikia kuku wenu. Nilisikia lori likipita barabarani. Kisha Kaku akasema polepole, "Ngalula. Nani anakuambia nini juu yangu?"

"Hapana, Kaku, hakuna mtu, mimi nilikuwa..."

Na karibu kabisa na simu, ile sauti ya Mama Zozo: "Ah! Ata uyu?"

"Kuya tu, mutoto," akasema Kaku, na simu ikakatika.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Nikifunga macho ninaona ukuta wa lupango umejaa vichwa vya watu, wote wananitazama mdomo. Nimefikiria kuweka kikombe midomoni nisimeze, lakini Kaku anaangalia koo. Nimefikiria kusema ninaumwa tumbo, na hilo ni baya zaidi. Nimefikiria kunywa tu, iwe itakavyokuwa. Lakini kisima mnachochota maji ya mtungi kiko hatua chache kutoka choo cha jirani, na wewe mwenyewe mwaka jana homa ya matumbo ilikulaza mpaka nywele zikakatika. Baba alinificha, mimi nikayajua baadaye kwa picha, kilemba chako kilivyokaa. Sitaki kuugua, Yaya. Na sitaki Kaku afe na jina lile kwa sababu yangu. Katika haya mawili sikuona njia, mpaka nilipokukumbuka wewe.

Wewe ndiye unayejaza mtungi. Kaku mgongo haumruhusu tena, anaosha tu, wewe unajaza. Basi ninakuomba hivi. Siku moja kabla sijafika, Kaku akienda kanisani kwenye sala ya alasiri, weka ile sufuria kubwa juu ya jiko la mbabula. Maji yachemke kweli, yatoe mapovu makubwa, si moshi tu. Yaache yapoe yamefunikwa. Kisha yamimine mtungini, na usuuze kikombe kwa hayohayo. Asubuhi yatakuwa na ubaridi wa udongo kama siku zote. Kaku atachota kwa mkono wake, ataonja yeye, atanipa mimi. Nami nitakunywa mpaka mwisho, Yaya, mbele ya ukuta na vichwa vyake vyote. Nitakigeuza kikombe chini, wakione hakina tone. Kisha nitaomba tena.

Nimejiuliza kama huku ni kumdanganya Kaku. Labda siku moja tukiwa wawili tu, nikimsaidia kukanda unga wa vitumbula, nitamwambia mwenyewe. Lakini kwanza anione nimekunywa. Na wewe, baada ya mimi kuondoka, endelea kuyachemsha, kwa ajili yako na yake.

Msalimie Baba, mwambie nimemnunulia kitambaa cha kufunga pua akiwa njiani kwenda kazini, asione haya kukivaa. Msalimie Mama, na kama bado yuko Kapolowe kwenye mahindi, mpelekee salamu kwa yeyote anayepanda gari la huko. Msalimie shangazi mshonaji, mikono yangu imekuwa mirefu, vipimo vya zamani avitupe. Hata Mama Zozo msalimie, kwa sauti ya kawaida. Kaku usimsalimie kwa barua hii, maana hutaweza kusema imetoka wapi. Nitamsalimia mwenyewe, nikishakunywa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na anayekuhofia,

Ngalula

Yaya, nakuomba sana, hili libaki kati yetu wawili. Usimwambie Baba, usimwambie Mama, hata mkiwa na furaha. Na karatasi hii usiiweke chini ya godoro, ninajua unavyoweka vitu. Itunze mpaka siku ile, kisha uitie kwenye mbabula pamoja na makala, chini ya sufuria, isaidie maji kuchemka.