Konde la Mdogo Wangu

Jumatatu, 2 Aprili 1984

Nimelima tangu alfajiri. Udongo vumbi tupu, jembe lagonga kama juu ya sakafu. Mvua ya mwaka bado. Zuhura, mdogo wangu, hangoji mvua. Kunde kashazifukia kavukavu kule kwake bondeni, kando ya muhogo alioupanda tangu mwaka jana. Nimemcheka. Baba alipokufa mimi mkubwa ndiye niliyetangulia kuchagua. Nikachukua huku juu, tambarare, karibu na barabara ya Mishomoroni. Yeye akaachiwa bonde. Hakunung'unika. Nami nikajiona mjanja.

Jumamosi, 14 Aprili

Mvua! Ya asubuhi tu, lakini ardhi imelainika. Nimepanda mahindi konde zima. Mgongo waniuma. Nina furaha.

Jumapili, 29 Aprili

Haijarudi. Mahindi yamefika kifundoni, majani yamejikunja kama sigara. Nashinda kutazama mawingu. Yapita yakaenda zake bara.

Bondeni kijani kitupu. Watu wendao Kongowea husimama ukingoni mwa konde langu (konde langu!) wakatazama chini. "Mashallah, Zuhura ana mkono." Mkono gani? Ni maji yaliyo chini ya ardhi. Mkono ninao mimi, waje wauone malengelenge yake.

Ijumaa, 4 Mei

Msikitini leo wameomba mvua. Nami nimeomba. Mama, ambaye huishi kwangu tangu baba atutoke, kila asubuhi hushuka kwa Zuhura. Hurudi na majani ya kunde ndani ya leso. "Laini haya, hayataki hata moto mwingi." Nimeyapika. Yalikuwa laini kweli. Nimechukia.

Jumanne, 15 Mei

Mahindi yamekufa. Nimeyang'oa mwenyewe nikampa mbuzi. Mbegu iliyobaki ni kibaba.

Jioni Zuhura kaniletea pakacha la muhogo. "Shika, dada. Usione haya." Usione haya! Hata jua halijanichoma hivyo. Nimepokea. Nimesema ahsante.

Jumapili, 20 Mei

Nayaandika kama yalivyokuwa. Mbuzi wangu alikata kamba. Nilimwona akishuka bondeni. Nilikuwa nakuna nazi. Niliendelea kukuna. Zuhura alikuwa sokoni, hana habari. Mbuzi akamaliza tuta la kwanza la kunde, akaingia la pili. Sikupiga kelele. Nilisikia raha. Raha ya kooni, kama mwenye kiu akipata maji.

Kugeuka, mama yuko mlangoni. Anamtazama mbuzi. Kisha akanitazama mimi.  Akateremka mwenyewe, na miguu yake ile iliyovimba, akaenda kumfukuza.

Jumatatu, 21 Mei

Mama kahama. Kafunga nguo zake, kachukua na mkeka. Nimemwuliza, "Mama, wenda wapi?"

"Kwa mwenzio. Ramadhani hiyo yaja, na kule kuna cha kufuturu."

Sababu ya kuwaambia watu ni hiyo. Mimi na yeye twaijua nyingine. Zuhura hakuambiwa. Angeambiwa, angekuja kunigombeza mpaka majirani watoke. Ana kila kitu sasa. Bonde, sifa, mama.

Jumatano, 30 Mei

Mvua kubwa. Yapiga mabati, haisikiki hata adhana. Kwangu ardhi yanywa tu. Nimepanda kibaba changu chote.

Kule chini maji yamesimama baina ya matuta. Nimemshukuru Mungu mara mbili. Shukrani ya pili haifai kuandikwa.

Jumapili, 3 Juni

Maji bondeni yamepanda. Muhogo ukikaa majini huoza, nani asiyejua? Nilisimama ukingoni nikiangalia. Zuhura kainama, ang'oa. Kando yake mama. Mama, na saumu yake, matope magotini, avuta shina haliji. Akaanguka kitako. Akainuka, akavuta tena.

Sikushuka kwa mapenzi. Nilishuka kwa kuwa macho hayakuweza kutazama tena.

"Mama, toka majini."

"Nitoke niende wapi?"

"Panda kwangu."

Akashika shina jingine. Zuhura hata hakuinua kichwa. "Dada, shika upande ule," akasema, kana kwamba nilikuwapo tangu asubuhi.

Tumeng'oa mpaka alasiri. Nusu yake ishaanza kunuka. Nyumba ya Zuhura imeingia maji. Muhogo ulio mzima tumeubeba huku juu, tumeurundika ukumbini kwangu. Mama alipanda wa mwisho, na mkeka wake kichwani.

Jumatano, 13 Juni

Wote wako kwangu. Kunde zimekwisha, hata jani. Zuhura kalia siku ile moja, halafu kajifunga leso kiunoni kaanza kumenya muhogo kabla haujaharibika, awagawia majirani wafuturu. "Zuhura, Mungu akuzidishie." Wayasema hayo barazani kwangu.

Mahindi yangu yamechipuka. Mistari imenyooka. Hakuna aliyegeuza shingo kuyatazama, ila yeye. Asubuhi nimemkuta akipalilia, hakuna aliyemtuma. Palizi yake ni safi kuliko yangu. Hata hilo limeniuma.

Jumamosi, 23 Juni

Manyunyu tu leo. Mama alikuwa uani, kashika leso iliyopasuka.

"Zuhura!" akaita.

Zuhura alikuwa kisimani. "Abee, mama," nikaitika mimi.

"Nimemwita Zuhura."

"Hayuko. Niko mimi."

Akanitazama kitambo. Halafu akasogea kidogo kwenye mkeka. "Haya, njoo wewe basi, unitungie uzi. Macho yangu hayalioni tundu la sindano."

Nikakaa. Uzi ukachelewa kupita. Mama hakunihimiza.