Kundi na Gundi

Jumanne usiku

Kwenye daftari niliandika kundi, lakini mdomoni ikatoka gundi.

Mwalimu Moraa alikuwa ameuliza kwa nini yule kijana wa riwaya tunayosoma darasani haachi genge lake, na anaona wazi linampeleka pabaya. Nikasimama nikasoma jibu langu: "Kila kijana anahitaji gundi." Wale wa laini, watoto wa wachuma majani chai wanaokaa kwenye nyumba za kampuni, wakacheka mpaka wakagonga meza. Sisi wa hapa kijijini hatukucheka. Wenzangu waliwakazia macho, na macho hayo nayajua. Nikaona vita yetu na wao inakuja uwanjani, na sababu ni ulimi wangu.

Kinachoniudhi ni kwamba nyumbani sote tunaongea hivyo, k na g zinabadilishana. Baba akisema gari inatoka kari, na hakuna anayemcheka.

Halafu Nekesa, wa laini, akainua mkono. Nilidhani anataka kunimaliza.

"Mwalimu, hajakosea. Gundi inakushika hata ukitaka kutoka. Mimi naogopa hata kukaa upande wa hawa wa kijijini, kwa sababu ya wenzangu wa laini."

Mwalimu akaandika gundi ubaoni na hakuifuta.

Najua jina hilo la Gundi litanifuata mpaka nimalize shule. Jioni getini nikasikia mtu ananiita, "We Gundi, ngoja." Alikuwa Nekesa, anacheka kidogo, vizuri tu.

Kabla ya kuitika, niligeuka kuangalia kama wenzangu wananiona.

Nafikiri sasa kile kitabu nimekielewa.