Video ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubali. Mungu anisaidie, nimekubali! Mke wangu kanibana bafuni nikinyoa ndevu, wembe uko shingoni. Ati mama amemaliza kurekodi wimbo wake, na wa kumpigia video ni mimi. Ningekimbilia wapi na povu lile?

Mama huyo ni mama mkwe wangu. Ana saluni ya viti vitatu na vioo vitatu. Kwa miaka thelathini na ushee amekuwa akiitikia nyuma ya waimbaji wengine—harusini, studioni, popote palipotakiwa sauti nene ya kujazia. Sauti iko kwenye kanda chungu nzima. Sura yake haipo popote. Sasa amechoka kuitikia. Ametoa wimbo wake mwenyewe, bila bosi, bila kampuni, bila kumwomba mtu ruhusa. Kiitikio chake: "Mlioipenda sauti, hamkuuliza ya nani." Nimeusikiliza mara nne. Ni mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa mbovu ningetafuta udhuru.

Shida ni kwamba tangu nimuoe binti yake sijawahi kumtazama mama usoni. Nimelelewa hivyo, mkwe unainamisha macho. Tena siku niliyokwenda kujitambulisha aliniuliza kama kupiga picha ni kazi au ni mchezo. Nilijibu nikitazama zulia. Zulia lile nalijua ua kwa ua. Uso wa mama, bado.

Jumanne, 4 Machi

Mtindo nimeupata! Umbali. Mama ataonekana kivuli, mgongo, mikono ikisuka nywele, miguu ikipita kwenye lami yenye maji. Rangi zilizopauka. Watazamaji wa siku hizi hawataki kutafuniwa kila kitu. Nimemaliza birika zima la chai na nimechora kwenye karatasi shuti kumi na sita, vipande vyote vya video nitakavyopiga.

Fundi taa amezipitia. Huyu ni rafiki yangu, tumeanza naye kazi tangu enzi za kupiga harusi. Ameuliza kama mwimbaji anatafutwa na polisi, maana anajificha kuliko anavyoimba. Nikamwambia hii ni sanaa. Akasema haya, sanaa. Alivyolitamka hilo neno nilitamani kumrushia kikombe.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kwanza, saluni. Ovyo kabisa.

Mimi siongei na mama moja kwa moja, kwa hiyo kila neno linapitia kwa mke wangu. Nikamwambia amwambie mama kwamba tungependa nguo isiyo na rangi kali. Na mama yuko pale pale, ningenyoosha mkono ningemgusa! Mke wangu akageuka kumwambia mama. Mama akageuka kumwambia mke wangu kwamba gauni ni jekundu na litabaki jekundu. Mke wangu akageuka tena kwangu. Feni ya mezani haijawahi kuzunguka hivyo.

Chini ya draya ya kukaushia nywele, inayovuma, kulikuwa na mteja mwenye rola kichwani, mmoja wa wale wasiomaliza kutengenezwa. Kwa sababu hajisikii mwenyewe, anapiga kelele. "MPANDISHENI GARI LISILO NA PAA!" Hakuna aliyemuuliza. "NA MAUA!"

Halafu vioo. Popote ninapoiweka kamera, nimo! Tumbo langu nimeliona pande tatu kwa mkupuo mmoja. Mke wangu kacheka. Nadhani na mama kacheka, lakini sikumtazama.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake—na mimi zangu leo zimefanya kazi. Lenzi ndefu! Nimeazima ile kubwa kabisa. Nitakaa ng'ambo ya barabara, kwenye duka la magodoro, nimchukue mama kupitia dirisha la saluni. Uso wake utajaa kwenye picha, na mimi niko mbali, salama, sijamkosea mtu adabu.

Nikaenda kujaribu. Kila nikimpata, lori linapita. Kila lori likipita, mwenye magodoro ananiuliza kama nimempata. Nilipokaribia kumpata kweli, dirishani hakuna mtu. Nikainua kichwa. Mama amesimama mlangoni kwake, kitana mkononi, anapaza sauti ile ile iliyojazia kanda za watu.

"Baba Pacha! Unanipiga picha au unanipeleleza?"

Ananiita hivyo tangu mapacha wetu wazaliwe. Leo mtaa mzima umelijua jina langu. Mwenye magodoro alicheka mpaka akajilaza kwenye bidhaa zake. Nimerudi nyumbani kwa kupita uchochoroni kama mwizi wa kuku.

Jumapili, 9 Machi

Mama alikuja kuwaona wajukuu. Nikajichimbia jikoni, najifanya naosha vyombo. Kumbe mke wangu kamkabidhi michoro yangu! Nikachungulia. Mama kavaa miwani, anafunua karatasi moja moja, kidole kinapita chini ya kila shuti kama anayesoma.

Akauliza huyu ni nani. Mke wangu akamjibu kwamba ni yeye. Akafunua nyingine. Na huyu? Ni wewe, mama. Akazirudia zote tangu mwanzo.

Alipoondoka nikaenda kuziangalia mwenyewe. Mteja wa rola, niliyemwongeza baada ya kikao, nimemchora na macho mawili na kope zake. Mwenye magodoro, niliyemwongeza juzi, ana masharubu. Mapacha nimewachora pembeni kwa kujifurahisha tu, na wana meno. Mama peke yake hana kitu. Duara tupu. Shuti zote kumi na sita, duara tupu! Sikukusudia. Naapa sikukusudia.

Wala hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alivua miwani akasema amezoea, akaomba aletewe watoto awaage. Mchana kutwa nimekuwa na hasira na sijui ni za nani. Nimevunja kikombe.

Jumanne, 11 Machi

Fundi taa anataka kujua ni taa gani za kubeba, za mbali au za usoni. Nimemwambia nitampigia. Kauliza tena kwa ujumbe. Kauliza kwa ujumbe wa sauti. Mtu hana subira!

Jumatano, 12 Machi

Ugomvi. Nilimwomba mke wangu, kistaarabu kabisa, amweleze mama mpango mpya wa kutumia kioo. Akaweka chini kikapu cha nguo.

"Mwambie mwenyewe. Mimi si mnara wa simu."

Nikasema hii ni heshima. Akasema heshima gani inayomfuta mtu sura? Basi yakatoka yote. Kumbe mjomba wake alikuwa ameshampatia mama mtu wa video, mwenye jina kubwa, mwenye kamera ya kuruka angani. Mama akakataa. Akasema anamtaka Baba Pacha. Kwenye droo ya saluni, chini ya vitana, ana picha niliyowapiga mapacha siku waliyozaliwa, ile ya karibu, kope zinahesabika. Akimtengeneza mteja anayempenda, humtolea amwonyeshe. Na alimwambia mke wangu hivi: aliyeziona kope hizi ataniona na mimi.

Nikauliza mbona sikuambiwa. Ati mama alikataza, ningevimba kichwa.

Nimekaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Nimeona haya. Kisha nikapandwa na hasira—familia gani hii, watu hawawezi kuambiana jambo ana kwa ana? Nilisema hivyo kwa sauti. Mke wangu akaokota kikapu chake.

Ijumaa, 14 Machi

Michoro yote nimeichana. Nimebaki na shuti moja. Uso.

Nikajaribu kuyachora macho. Siwezi. Siyajui! Ni makubwa? Yameingia ndani? Nimemuuliza mke wangu. Amefunga mlango.

Kesho tunapiga.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia stoo ya saluni. Nimekalia ndoo iliyofunikwa, kati ya makopo ya shampuu. Nimewaambia nakuja kubadili lenzi, na ni kweli, ila lenzi haichukui muda wote huu.

Siku imeanza vibaya. Mke wangu hakuja. Amebaki na mapacha. Aliniambia tu mlangoni kwamba mimi na mama yake wote tuna midomo. Saluni imefungwa lakini mteja wa rola yumo, anasema yeye ni wa nyumbani. Na mchomeleaji wa jirani ameamua kwamba leo ndiyo siku ya kutengeneza mageti ya dunia nzima. Hata muziki wetu hausikiki!

Vioo viwili tumevifunika shuka. Cha tatu mama kakataa. Ni cha kwake tangu afungue saluni, hakifunikwi. Nikaona afadhali, maana ndio mpango wenyewe. Mama anakaa kwenye kiti kuelekea kioo, mimi nasimama nyuma ya bega lake, namchukulia kiooni. Napata uso bila kuukabili uso. Kwa nini sikuwaza hivi tangu Jumatatu ya kwanza?

Akakaa. Gauni jekundu, mvi zimesukwa vizuri. Wimbo ukaanza, na mama hakuchezesha midomo tu kama wafanyavyo wengine; aliimba kweli, mpaka makopo rafuni yakatetemeka. Na mimi nikakaza jicho langu... kwenye hereni yake. Tumerudia mara tano. Mara tano hereni! Fundi taa akaangalia skrini, akatangaza mbele ya wote kwamba sikio limetoka safi kabisa. Uso ni ukungu.

Mama akanisemesha kupitia kioo.

"Baba Pacha, sikio langu ndilo linaloimba?"

Mteja alicheka mpaka rola ikamdondoka. Nikakumbatia kamera nikaingia humu.

Mlango ni wa mbao nyepesi, kila kitu nakisikia. Mama anapiga soga na fundi taa. Anamweleza kwamba kila alipoingia studioni, neno la kwanza lilikuwa lile lile: mama, rudi nyuma kidogo, sauti yako itamfunika mwenye wimbo. Akirudi, wanamwambia kidogo tena. Siku moja alirudishwa mpaka akaimbia nje, koridoni, kwenye mifagio, na wimbo huo ndio uliovuma kuliko zote. Anasimulia huku anacheka. Fundi taa, ambaye hucheka hata msibani, hacheki. Kisha mama amesema kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia asogee mbele. Amelisema kawaida tu, kama anayetaja bei ya kusuka.

Nimejichukia kidogo.

Lenzi ndefu nimeifungua, nimeirudisha kwenye mfuko wake. Nimefunga ile fupi niliyowapigia mapacha. Hii haina ujanja. Ukitaka uso ujae, magoti yenu yatagusana. Mikono inanitoka jasho mpaka nimeacha alama kwenye kioo chake na imebidi nikifute kwa shati.

Huko nje kiti kimelia. Kile cha mama, cha kuzunguka, nimelalamika wiki nzima kinahitaji mafuta. Kimelia kwa kirefu, kikanyamaza.

Fundi taa kagonga mlango kwa kidole kimoja. Ananong'ona kwenye ufa. Ati mama amekigeuza kiti, amekipa kioo mgongo. Anaelekea huku, anautazama mlango wa stoo. Na taa? Taa ameshaiweka. Ya usoni. Hakuniuliza safari hii.

Yaani nikifungua tu, ndiye huyo. Na zulia hakuna! Chini ni nywele na nyaya.

Ninachotakiwa kusema ni kifupi. Mama, sogea mbele kidogo. Basi. Nimefanya mazoezi mbele ya makopo ya shampuu.

Na sasa mchomeleaji naye amenyamaza. Asubuhi nzima nimemwomba anyamaze, ananyamaza sasa! Hata mteja wa rola kimya. Nasikia feni tu.

"Baba Pacha." Mama anaita polepole, sauti ya kuitia mtoto aliyejificha. "Mimi nimeshakaa. Wewe uko wapi?"

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko kwenye kitasa.