Mama, Uliyefunga Kibanda Ukanifuata Mlimani

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuzungumza nawe.

Nimepata kazi, mama. Ya kudumu. Nitafuatilia ndege wa msitu wa Uluguru na kusaidia kuulinda msitu wenyewe. Nimekaa na habari hii tangu asubuhi, haina pa kwenda.

Unakumbuka msimu wangu wa kwanza? Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi tu, nikaja Mlali kukuaga kwenye kibanda chako cha chakula. Nikakwambia tunapanda juu kulala kwenye mahema mwezi mzima, mimi na wanaume watatu. Ulikuwa unageuza chapati, wala hukuinua kichwa.

"Na nani atawapikia?"

"Tutapika wenyewe, mama."

Kesho yake nikakuta kibanda kimefungwa, nawe umesimama barabarani na kiroba chenye sufuria, mwiko na kanga zako. Kiongozi wetu akaanza kujieleza kwamba kambini hakuna nafasi. Ukamwambia, "Baba, mimi sitaki nafasi. Nataka mafiga."

Nilikuonea haya njia nzima ya kupanda. Lakini baridi ya kule juu ilipotushika, na uji wako wa tangawizi ukawa unatungoja kila tulipotoka msituni, wale wanaume wote wakawa watoto wako. Kiongozi mwenyewe alikuwa akikuamkia kwa kuinama.

Alfajiri moja ulitufuata kwenye nyavu za kunasia ndege, umejitanda kanga mbili. Nikamtoa ndege mdogo mwenye kifua cha njano, nikampima bawa, nikamvisha pete mguuni, nikafungua kiganja. Akaruka.

"Mnamkamata, mnampima, mnamvisha bangili, halafu mnamwachia?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mchuzi?"

Tulicheka mpaka nyavu zikatikisika. Aliyefuata nikakuwekea wewe mkononi. "Moyo wake unakimbia," ukasema taratibu. "Mwachie, mwanangu. Huenda ana watoto." Ukamwachia mwenyewe, ukabaki unatazama juu muda mrefu.

Msimu uliofuata ulisema goti linakusumbua. "Nenda tu. Wenzio wanajua kupika sasa, nimewafundisha." Nikaenda. Nilipoaga ulinikumbatia kwa nguvu kuliko kawaida, nikadhani ni mazoea ya kukaa pamoja.

Halikuwa goti. Mama mdogo alinieleza baadaye kwamba uvimbe ulikuwa tumboni, na ulikuwa umewakataza wote wasiniambie. "Mwacheni amalize ndege wake," ulisema. Nimekukasirikia kwa maneno hayo, mama. Bado nakukasirikia siku nyingine. Ndege wangesubiri. Msitu ule umesimama tangu enzi za mababu, ungeshindwa kusimama wiki chache nikae kitandani kwako?

Kambini hakuna mtandao. Binamu alipanda kunifuata, mvua inanyesha, akafika analia hata kabla hajanifikia. Tuliteremka tukianguka na kuinuka. Ndugu walikuwa wamenisubiri mpaka alasiri, wakashindwa kuendelea kuchelewesha maziko yako. Nilipofika Mlali wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Mjomba alinishika mkono akanipeleka. Nikasimama pale na viatu vya msituni, udongo wako bado mbichi, sina hata dua inayonijia kichwani. Mjomba ndiye aliyekuombea kwa niaba yangu.

Nilirudi mlimani baada ya arobaini. Watu walidhani nina moyo mgumu. Mimi nilikuwa natafuta mahali ulipowahi kufurahi.

Leo barua ya kazi ilipofika nilikuwa mjini, Morogoro. Vidole vikabonyeza namba yako kabla sijafikiri. Ikaita. Ikapokelewa. Sauti ya mwanamke, mtu mzima, akasema yuko Dumila, namba amepewa na kampuni ya simu hivi karibuni, je namtafuta nani?

Nikashindwa kukata. "Samahani, shikamoo. Ilikuwa ya mama yangu. Nilitaka kumwambia nimepata kazi."

"Marahaba," akasema. Nilisikia kelele za wauza nyanya nyuma yake, kisha zikafifia, kama amesogea kando. "Mama yuko wapi?"

"Ametangulia."

Akavuta pumzi. "Basi niambie mimi. Kazi gani, mwanangu?"

Nikamwambia yote, mama, nimesimama kando ya barabara nalia mbele za watu.

Lala salama. Mola akupanulie kaburi lako.

Ni mimi, mwanao.